Sifuri Kumi na Mbili za Bi Mejumaa

Nilipostaafu nilirudisha funguo zote. Karani wa stoo alizipanga mezani, akazilinganisha na daftari lake, akaniambia mmoja umezidi. Nikamwambia huo ni wa mlango wa wodi ya wanawake, ile ya zamani. Akasema mlango huo haumo daftarini. Nikamjibu kwamba hata duniani haupo, uliliwa na mchwa, lakini ufunguo wake nilikabidhiwa na sikuambiwa niutupe. Akanirudishia. Ninao hapa mezani, umeikalia karatasi hii isipeperuke.

Karatasi yenyewe mliitaka ninyi vijana wa zamu. “Mama Mbeyu, tuandikie mambo ya zamani.” Mimi huandika polepole, shule yangu ni ya msingi tu, na ukurasa huu wa kwanza umenichukua siku nne. Habari za vyeo sitaziandika. Nilipanda kimoja, kikafutwa. Nitaandika jinsi tulivyoanza kuwapima wagonjwa kwa alama, kwa sababu nawaona kila juma mkijaza fomu zenu na kunung’unika, kama kwamba ninyi ndio wa kwanza kunung’unika.

Nilitoka upande wa Kinango, ambako mbuzi ni wengi kuliko watu, na mbuzi hamlazimishi mtu kusema. Nilikuwa mwenye haya. Si haya ya kuinamisha macho kidogo. Yangu ilikuwa ya kuzunguka nyuma ya nyumba ili nisikutane na mtu mbele. Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera ya hospitali haijapauka, na serikali ilikuwa ikitafuta wasichana wanaojua kusoma. Mjomba wangu alijibu kwa niaba yangu maswali yote ya kuombea kazi. Nikaajiriwa mhudumu wa wodi ya wagonjwa wa akili, hospitali ile iliyo nyuma ya minazi, ukitoka Ukunda kwenda Msambweni. Nadhani walipenda nilivyonyamaza.

Aliyenipokea ni Sista Rahel, Mtaita mfupi aliyetembea upesi hata akiwa hana pa kwenda. Hakunipa funguo siku ile. Alinipa majina. “Hapa hapana vichaa,” akasema. “Pana wanawake kumi na wanane, na kila mmoja ana jina. Ukiyajua yote, njoo uchukue funguo.” Ilinichukua siku tatu, maana sikuthubutu kumwuliza mtu jina lake, nilingoja waitwe kwenda kula. Aliponipa funguo alinifundisha kuzifunga kwa kitambaa. “Ukizitikisa, unamkumbusha mtu kila saa kwamba amefungiwa.” Hadi leo nikisikia funguo zikilia mahali, namtafuta mwenye makosa.

Wakati huo maendeleo ya mgonjwa yaliandikwa kwa neno moja: hajambo. Faili zilijaa hajambo. Kulikuwa na hajambo kidogo, hajambo sana, na hajambo tu. Mwanamke mmoja alitoroka siku ya Jumatano akaonekana Lunga Lunga akisubiri gari la Tanga. Ukifungua faili lake, Jumatano ile imeandikwa hajambo. Na kwa kweli alikuwa hajambo, ndiyo maana alifika mbali vile.

Ndipo alipokuja Dakta Kimeu. Alikuwa kijana wa Kikamba, mrefu, aliyevaa soksi hata wakati wa joto la Machi, na alikuja na sanduku la kadi ngumu za manjano. Alisoma faili zetu siku mbili, akatuita.

“Hajambo ni nini?” akauliza. “Nyinyi mnajua mtu amepona aje?”

“Tunamwona, Daktari,” akasema Sista Rahel.

“Mnaona nini?”

Mimi nilikuwa nyuma ya kabati, na hata hapo niliona aibu.

Kadi ilikuwa na maswali manane. Analala? Anakula? Anaoga mwenyewe? Nguo zake zi nadhifu? Anafanya kazi ndogondogo? Anajidhuru au kudhuru wengine? Anasikia sauti zisizokuwapo? Na la nane: anasalimu watu na kuzungumza nao? Kila swali lilikuwa na alama kuanzia sifuri hadi tatu. Kwa lile la mwisho, sifuri ni mtu asiyesema na yeyote, moja ni anayejibu kwa kulazimishwa, mbili ni anayejibu vizuri, na tatu ni anayeanza mwenyewe. Sista Rahel aliyageuza maswali kwa Kiswahili, akatugawia wagonjwa sita sita. Kila Jumatatu asubuhi unasimama karibu na kitanda, unatazama, unaandika, unaondoka.

“Na msiwasaidie,” akasema Daktari. “Mizani haisemi. Ukiongeza kidole, uzito si wa kweli.”

Niliipenda kazi hiyo kuliko zote nilizowahi kupewa. Nimeagizwa kunyamaza! Nililipwa kwa kasoro yangu mwenyewe.

Msinielewe vibaya, kadi zile zilitufaa. Juma moja alama za usingizi za wodi nzima zilianguka pamoja. Daktari akadhani dawa imeharibika, akataka kuandika barua Mombasa. Sista Rahel akalala wodini usiku mmoja, akagundua bati moja limelegea misumari na upepo wa kusi ukilipiga huligonga hadi alfajiri. Fundi akaja na nyundo, wanawake kumi na wanane wakapata nafuu kwa misumari sita. Tungeendelea na hajambo, bati lile lingegonga hadi leo.

Lakini wagonjwa nao si wajinga. Majuma mawili hayajatimia walikuwa wamekwisha kujua kwamba Jumatatu ni siku ya mtihani. Zaituni, mchuuzi wa samaki aliyekuja kwetu akiwa ameacha kulala kwa sababu ana mambo mengi ya kusema, alikuwa akioga Jumatatu mara tatu, kisha ananifuata na maji yakimtiririka.

“Nguo umenipa ngapi?”

Nikamwonyesha kadi, maana kumjibu sikuweza.

“Mbili? Mbili ya nini, na leso yangu nimeilalia usiku kucha ili inyooke? Hebu niongeze, mwanangu. Ukunda hata papa aliyeoza hupata mbili.”

Sikumwongeza. Sista Rahel alikuwa ametuambia, “Andika ulichokiona, si unachokihurumia,” na mimi sheria niliishika kwa mikono miwili, kwa sababu sheria haikutaka nizungumze.

Miongoni mwa sita wangu alikuwamo Bi Mejumaa wa Mwabungo. Alikuwa mkubwa kuliko wote wodini, mama wa nyumba kubwa, mwembamba, kichwa daima kimefunikwa. Aliletwa akiwa hali chakula, anasikia watu wakimwita kutoka kisimani. Dawa zikamkubali. Mwezi wa pili alikuwa anakula, analala, anaoga, na kutwa nzima amekaa juu ya kitanda anasuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Kisimani hapakuita tena. Kadi yake ilikuwa safi, ila swali la nane. Hapo alikuwa na sifuri. Nilikuja Jumatatu, nikasimama miguuni pa kitanda, nikamtazama kwa pembe ya jicho. Naye akanitazama. Hakuna aliyesema. Nikaandika sifuri, nikaondoka. Jumatatu iliyofuata vilevile.

Wengine watano walinisalimu. Wasichana waliniamkia kwa ajili ya gauni langu la kazi, na Zaituni alianza kunisemesha nikiwa bado uwanjani. Bi Mejumaa peke yake ndiye aliyenyamaza, na mimi, kwa moyo mweupe kabisa, niliandika nilichokiona. Sifuri kumi na mbili, zote za mviringo mzuri. Sista Rahel naye hakugundua, maana alikuwa na wodi mbili, akifika pale na sinia la dawa husema “Meza, mama,” na vidonge havina mazungumzo.

Miezi mitatu ilipotimia, Daktari alizipitia kadi. Alikuwa ameagizwa kwamba mgonjwa ambaye haonyeshi nafuu apelekwe hospitali kubwa ya bara, kwa gari hadi Mombasa kisha kwa treni. Kule walikwenda wengi. Waliorudi nawahesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki. Jumatatu ile akasoma jina moja tu: Mejumaa wa Mwabungo.

“Lakini anakula, Daktari, na analala,” akasema Sista Rahel.

“Anakula, analala, lakini hajasema na mtu miezi tatu. Hiyo ni kujifungia ndani, Sista. Hiyo ndio mbaya zaidi. Gari litakuja Alhamisi.”

Nilitumwa kumfungia vitu vyake. Alikuwa amekwenda kuoga. Nikapiga magoti, nikaanza kukunja leso zake, na Zaituni akaja akasimama juu yangu, mikono kiunoni.

“Unakunja nguo za nani?”

Nikaelekeza kitanda kwa kidole.

“Anakwenda kwao?”

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha kadi, mstari wa nane. Zaituni hakujua kusoma, lakini sifuri alizijua. Akazitazama, kisha akanitazama mimi.

“Hasemi? Bi Mejumaa? Ijumaa mwanawe Hamisi akija pale ukumbini, mama huyu huongea naye mpaka mlinzi anasinzia!”

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko.

“Sasa niambie,” akaendelea Zaituni, “wewe umemwamkia lini?”

Nikanyamaza, lakini kunyamaza kwa aina nyingine.

“Mtoto wa juzi anakuja anasimama miguuni pa mama wa watu, hana shikamoo, hana hodi, amekodoa macho. Halafu anamngoja mwenye mvi amwamkie yeye! Wewe nani, liwali? Maliwali wenyewe wamekwisha kwenda zao!”

Nimeishi miaka mingi, nimepigwa na wagonjwa mara tano na ng’ombe mara moja, lakini sijawahi kuumia kama pale. Nyumbani kwetu Kinango mtoto asiyemwamkia mkubwa hatiliwi hata uji. Nililijua hilo kabla sijajua kutembea. Lakini nilipovaa gauni la kazi na kushika kalamu, nilidhani nimesamehewa. Sifuri zile zilikuwa zangu, na mwenye kupanda treni alikuwa mwingine.

Bi Mejumaa akarudi kutoka bafuni, akaketi, akachukua ukili wake. Aliziona leso zimekunjwa, hakuuliza. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikafungua mdomo, hapakutoka kitu. Zaituni akanifinya bega.

“Shikamoo, bibi,” nikasema. Sauti ilikuwa ya kuku mgonjwa, lakini ilitoka.

Bi Mejumaa akaangusha ukili.

“Alhamdulillahi!” akasema. “Marahaba, mwanangu, marahaba! Dawa zimekuingia! Hamisi hataamini.”

Sikuelewa. Zaituni alielewa kabla yangu, akaanguka kitandani kwa kicheko.

“Mimi nilidhani wewe ni mgonjwa, gauni umevishwa tu,” akasema Bi Mejumaa. “Nimeona mtoto anakuja kila Jumatatu, hasemi na mtu, anachora viduara kwenye karatasi, anaondoka. Nikasema masikini, binti mzuri vile. Nimekuombea kila swala.”

Nilikaa naye hadi kengele ya chakula. Aliniuliza kwetu ni wapi, mama yangu ni nani, na kama mvua imenyesha Kinango. Nilimjibu yote, na kila jibu lilikuwa rahisi kidogo kuliko lililotangulia. Sikumwambia habari ya treni. Haya ilikuwa imenipungua, lakini si kiasi hicho.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya Daktari. Nilijua kwamba nikijaribu kusema mbele yake nitakwama, kwa hiyo niliandika nyuma ya kadi. Nilianza mapema, nikamaliza karibu na saa nne, na maneno yalikuwa haya: Daktari, sifuri ni zangu. Mimi sikumwamkia. Yeye ni mkubwa. Mbeyu. Nilikuwa na hakika kwamba nitafukuzwa kazi. Nilikuwa nimekwisha kufunga na vitu vyangu, vikakaa kando ya vya Bi Mejumaa.

Dakta Kimeu alisoma mara mbili. Nadhani mara ya kwanza alikuwa akipambana na mwandiko.

“Kwani kama hujamsalimia, yeye hawezi kuongea?”

Nikatikisa kichwa, kwamba hawezi.

“Sasa hii ni nini, ugonjwa ama ni heshima?”

Hilo halikuwamo kwenye kadi. Akainuka, akamwita Sista Rahel, tukafuatana wote watatu hadi wodini. Akasimama mbele ya kitanda cha Bi Mejumaa, akageuka kwa Sista kama alivyozoea siku zote, akauliza juu ya kichwa cha yule mama, “Huyu mama anaendelea aje leo?”

Bi Mejumaa akasuka ukili. Hakuinua hata jicho.

Daktari akangoja. Akanigeukia mimi, kadi mkononi. “Unaona? Kimya.”

Sista Rahel alinitazama. Nilijua kwamba ikiwa sitasema sasa, Alhamisi itafika. Nikashika ukingo wa kitanda.

“Daktari,” nikasema, “nawe hujamwamkia.”

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia daktari yeyote maishani mwangu. Nilisikia mtu nyuma akisema “Uuuwi.” Dakta Kimeu akawa mwekundu kadiri Mkamba anavyoweza. Akazitoa mikono mifukoni, akainama kidogo.

“Shikamoo, mama.”

Ukili ukawekwa chini.

“Marahaba, mwanangu. U hali gani? Karibu. Kumbe nawe una mdomo. Nilidhani mdomo wenu ni huyu Sista, mnaupokezana.” Akamtazama kuanzia kichwani hadi soksi. “Mama yako yu hai?”

“Yuko hai.”

“Umemwona lini?”

“Ni... ni kitambo.”

“Kitambo gani? Na mke je? Huna? Na soksi zote hizo, nani anakufulia?”

Daktari alijibu yote, amesimama, kama mtoto aliyetumwa dukani akapotea. Aliporuhusiwa kupumua, Bi Mejumaa alikuwa amefika kwenye shauri lake mwenyewe.

“Mwanangu, nimesikia kwamba kuna mtu hapa mnataka kumpeleka bara.”

“Ndio, mama,” akasema Daktari polepole.

“Nimeona vitu vyake vimefungwa kando ya vyangu vya kwenda nyumbani, nikajua ni huyu mtoto.” Akanishika mkono. “Msimpeleke. Mimi nimemwangalia majuma yote haya. Alipoanza kuja alikuwa akitazama sakafu. Baadaye akatazama mkeka. Mwezi uliopita amenitazama usoni. Jana amesema. Leo amemsema daktari! Anapona, ila anapona polepole. Mwacheni hapahapa.”

Hakuna aliyecheka, na huo ndio ushahidi wangu kwamba jambo lilikuwa zito. Kisha Sista Rahel akageukia dirishani, mabega yakaanza kumtikisika, na wodi yote ikalipuka. Daktari hakucheka mara moja. Alikuwa akitazama kadi ya manjano, kisha yule mama, kisha mimi. Yeye alikuwa na maswali manane na alama zake; Bi Mejumaa alikuwa na mtu mmoja tu wa kupima, na amempima vyema kuliko sisi.

“Hakuna mtu ataenda bara,” akasema. Akanirudishia kadi. “Andika tena namba nane. Lakini andika ukweli.”

Nikaandika mbili. Zaituni alichungulia akapiga kelele: “Mbili! Mtu amemhoji daktari kama polisi, unampa mbili?” Lakini tatu ilikuwa ya anayeanza mwenyewe, naye hakuanza. Nilichokiona ndicho nilichokiandika. Daktari aliona sibadilishi, akacheka hapo.

Jioni ile Sista Rahel alichukua kadi tupu, akaandika kwa wino mstari mmoja juu kabisa, kabla ya swali la kwanza: Je, wewe umemwamkia? Asiyejibu mstari huo hakuruhusiwa kuendelea na mingine. Kadi zilizofuata zilipigwa chapa zikiwa nao. Madaktari waliokuja baadaye waliufuta mara mbili, kwa kuwa haukuwamo kwenye vitabu vyao, na mara zote mbili niliurudisha kwa kalamu yangu. Ndiyo maana kalamu zangu zilikuwa zikiisha upesi, na karani wa stoo hakuwahi kunielewa.

Bi Mejumaa alikaa kwetu majuma matatu zaidi, kwa kutazamwa tu. Ijumaa ya mwisho nilibadilishana zamu ili niwepo. Hamisi alikuja na baiskeli, akanikazia macho, akamwuliza mamake, “Ndiye yule bubu?” Kadi ilikuwa imekwisha kufungwa, Daktari ametia sahihi. Mimi nilibeba mkeka wake hadi langoni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumuaga tangu asubuhi, mazuri, yenye dua ndani. Tulipofika langoni yote yakanipotea. Nikasimama pale na mkeka, mdomo umefungwa, kama Jumatatu ya kwanza.

Bi Mejumaa aliningoja. Aliningoja kwa muda, kama mtu anayemngoja mtoto afunge kamba za viatu. Kisha akavuta leso yake vizuri, yeye mkubwa wa nyumba kubwa, akasema mwenyewe:

“Haya, leo naanza mimi. Hujambo, mwanangu?”

“Sijambo,” nikasema. “Shikamoo.”

Baiskeli ilipopotea nyuma ya minazi nilirudi ofisini, nikatoa kadi yake kwenye sanduku la waliokwisha kwenda zao, nikaifuta mbili ya mwisho ya swali la nane kwa kifutio, nikapuliza vumbi. Sheria haikuniruhusu kugusa kadi iliyotiwa sahihi. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Nikaandika tatu.